Luigi Broglio

Luigi Broglio (Mestre, 11 Novemba 1911 – Roma, 14 Januari 2001) alikuwa mhandisi, profesa na jenerali wa jeshi la anga kutoka nchini Italia.

Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa Dunia. Kwa sababu hiyo aliongoza ujenzi wa jukwaa la San Marco katika Bahari Hindi, mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, Kenya. Satelaiti ya kwanza ilirushwa huko tarehe 26 Aprili 1967.

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, Waitalia hao walirusha satelaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa utafiti wa eksirei za anga-nje. Iliorodhesha vyanzo 339. Ilionyesha kwamba Centaurus X-3 ni nyota ya nyutroni inayozungukana na nyota kubwa, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwaelekeza wanaastronomia kwenye shimo jeusi. Katika baadhi ya jozi kama hizo nyota kubwa nayo hufa, na mabaki mawili huzungukana hadi kuungana. Muungano huo ndio unaoigwa leo kwa kompyuta. Broglio hakufanya hesabu hizo, ingawa mchango wa jukwaa lake hautajwi inavyostahili.

Urushaji wa mwisho ulifanyika mwaka 1988. Kituo hicho sasa kina jina lake.