Dkt. Paul Brand: Aliyeirudishia Mikono Uwezo Wake

Paul Brand alizaliwa mwaka 1914 katika milima ya Kolli, kusini mwa India, kwa wazazi wamisionari Waingereza. Baada ya kusomea udaktari London, alirejea India mwaka 1946 kufundisha upasuaji huko Vellore. Aliwakuta wagonjwa wa ukoma wametengwa, vidole vimejikunja. Alibaini kwamba ukoma huua neva, na asiyehisi maumivu hujiunguza na kujikata bila kujua. Neva iliyokufa haikufufuka, lakini misuli mingine ya mkono ilikuwa hai. Akazihamishia kano zake vidoleni, mikono ikashika tena. Alifariki mwaka 2003. Nasi wa Mbulu na Hanang, tunaoishi kwa jembe na mizani, twajua kwamba kumrudishia mtu mkono ni kumrudisha kwao. Huo ndio utumishi, yaani seva.