Chevalier Jackson: Bingwa wa koo aliyeonya, madaktari wakamtii kupita kiasi

MTU aliyezibwa koo hana muda wa kungoja. Dakika chache tu bila hewa zatosha kuuharibu ubongo wake, na daktari anayemhudumia hulazimika kuamua papo hapo mahali pa kupitisha kisu.

Ni wachache waliozifahamu dakika hizo kama Dkt Chevalier Jackson, Mmarekani aliyewafunza madaktari wa karne ya 20 namna ya kulifungua koo la mgonjwa anayekata roho. Hata hivyo, ni yeye pia ambaye neno lake liliifunga njia ya mkato ya kuokoa maisha kwa zaidi ya miaka 50.

Jackson alizaliwa Novemba 4, 1865, mjini Pittsburgh, katika familia isiyokuwa na mali. Kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na mpole wa tabia, wenzake shuleni walimdhulumu sana, na wakati mmoja walimwacha ndani ya mgodi wa makaa ya mawe uliokuwa umehamwa. Masaibu hayo yalimwachia huruma ya kudumu kwa wanyonge, hasa watoto.

Karo ya masomo ya udaktari aliitafuta kwa jasho lake mwenyewe, akitia nakshi vyombo vya kioo na vya kauri. Alihitimu katika chuo cha Jefferson jijini Philadelphia mwaka 1886, kisha akavuka bahari hadi London kujifunza kwa Morell Mackenzie, aliyekuwa bingwa wa maradhi ya koo.

Aliporejea nyumbani alianza kubuni vyombo vya kuchungulia umio na njia za hewa. Aliweka taa ndogo kwenye ncha ya bomba jembamba, na kupitia humo akawa anatoa pini, sarafu, vifungo na mifupa iliyokwama ndani ya wagonjwa, bila kuwapasua kifua. Vitu 2,374 alivyovihifadhi vimo hadi leo katika makumbusho ya Mütter, Philadelphia.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na watoto waliokunywa kimakosa kemikali kali ya kusafishia nyumba. Umio wao uliungua, ukasinyaa, na wengine wakashindwa kumeza hata tone la maji. Jackson alipigania lebo za tahadhari kwenye mikebe ya sumu hizo kwa miaka mingi, hadi Bunge la Marekani lilipopitisha sheria mwaka 1927.

Lakini mchango wake mkubwa zaidi ulihusu upasuaji wa kutoboa bomba la pumzi. Upasuaji huo uliogopwa mno, kwani ulifanywa kwa pupa mgonjwa akiwa tayari mahututi, na inakadiriwa kuwa mmoja kati ya wanne alifariki. Mwaka 1909 Jackson alichapisha utaratibu wake: mkato mrefu wa wima katikati ya shingo, tundu lipitie chini ya zoloto, mrija wenye umbo linalofaa, na uangalizi wa karibu baada ya upasuaji. Vifo vilipungua hadi mmoja au wawili kati ya wagonjwa 100.

Mwaka 1921 alitoa onyo lililotikisa taaluma. Alikuwa amewachunguza takriban wagonjwa 200 ambao zoloto zao zilikuwa zimeziba kwa makovu, na akabaini kuwa wengi wao walikuwa wametobolewa juu mno, kwenye zoloto lenyewe au karibu nalo. Akapiga marufuku mtindo huo mbele ya wanafunzi wake, na kwa kuwa aliwahi kufundisha katika shule tano za udaktari jijini Philadelphia, neno lake likawa sheria.

Onyo hilo halikuwa la bure. Wengi wa wagonjwa wa zama hizo walikuwa na dondakoo na maambukizi mengine ya koo, dawa za viuavijasumu hazikuwepo, na mara nyingi kisu kilikata gegedu ambalo halikupaswa kuguswa.

Hata hivyo, palikuwa na kasoro katika hesabu. Waliofika kwa Jackson walikuwa wale walioharibikiwa. Waliotobolewa juu wakapona walirudi makwao na hawakuwa na sababu ya kumtafuta bingwa, basi hawakuhesabiwa.

Jackson alifariki Agosti 16, 1958, akiwa na umri wa miaka 92, kabla ya onyo lake kupimwa upya. Mwaka 1976, madaktari Brantigan na Grow wa Denver, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 655 waliotobolewa kwenye utando mwembamba ulio chini kidogo ya kile kifundo kinachotokeza kooni mwa wanaume. Makovu ya kuziba njia yalikuwa machache mno. Njia ya juu, ambayo ni fupi na iko karibu na ngozi, ikarejea, hasa kwa dharura.

Umuhimu wa suala hili unaonekana wazi zaidi kwa wagonjwa wenye unene wa kupindukia. Mafuta ya shingoni huuficha utando huo, vidole vikapapasa bila kuupata. Isitoshe, akiba yao ya hewa mapafuni huwa ndogo, hivyo oksijeni mwilini huporomoka upesi kuliko kwa watu wembamba.

Uchunguzi mkubwa uliotolewa Uingereza mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanene walikuwa wengi kupita kiasi miongoni mwa waliopatwa na ajali za njia ya hewa wakiwa chini ya dawa ya usingizi. Ulionyesha pia kuwa jaribio la kupitisha sindano kooni wakati wa dharura lilishindwa mara nyingi kuliko lilivyofaulu.

Mwaka 2015, mwongozo wa madaktari wa nusukaputi nchini humo ulishauri kisu kitumike badala ya sindano. Iwapo shingo ni nene na utando haupapasiki, daktari akate wima sentimita 8 hadi 10, atenganishe nyama kwa vidole vya mikono yote miwili hadi alifikie zoloto, kisha atoboe utando.

Hapo ndipo Jackson anaporudi chumbani. Katika mafundisho yake ya dharura, alimtaka daktari akate wima kwa urefu, kisha aitafute njia ya hewa kwa kidole ndani ya dimbwi la damu, asingoje macho yaone. Mahali pa kutoboa pamebadilika, lakini mkato na kidole vinafanana sana na vyake.

Wahenga waliosema kuwa haraka haraka haina baraka ndio hao hao walioonya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Jackson aliwafunza madaktari methali ya kwanza kwa sababu aliyaona makovu ya pupa. Ya pili ilibidi ifunzwe upya na waliomfuata, waliothubutu kuwahesabu pia wale ambao bingwa hakuwaona.