D.N. PRITT: WAKILI WA MATAJIRI ALIYEWATETEA KENYATTA NA NYERERE

Hapa Segera njia panda mabasi ya Tanga, Moshi na Dar yanapishana usiku na mchana, na stori za siasa kijiweni hazikauki. Lakini uliza nani alimtetea Mwalimu Nyerere mahakamani mwaka 1958, utaona watu wanaangaliana. Hata mimi shuleni jina hilo sikulisikia mpaka nikamaliza form four. Leo naomba niwaletee maisha ya huyu mzee kwa kifupi.

Anaitwa Denis Nowell Pritt, mzungu wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1887. Uwakili alianza mwaka 1909, na mwaka 1927 akapewa cheo cha Wakili wa Mfalme, ambacho kule ndio daraja la juu kabisa. Wateja wake walikuwa makampuni na watu wenye hela zao. Pia alisimamia rufaa zilizotoka makoloni na kusikilizwa kule London. Kwa maana hiyo jamaa alikuwa ameshatoka kimaisha, angeweza kutulia ale pesa zake taratibu.

Hakutulia. Mwaka 1931 Waingereza walimkamata Ho Chi Minh kule Hong Kong. Wafaransa walikuwa wanamtaka kwa udi na uvumba, maana walishamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Pritt akasimama upande wa Ho. Upande wa serikali alisimama Stafford Cripps, bingwa wa kesi za hataza, yaani zile kesi za kugombania nani mwenye haki juu ya kitu kilichovumbuliwa. Kesi hizo zilikuwa na hela ndefu sana. Mwisho wa yote, mwaka 1932 yakafikiwa makubaliano kwamba Ho asikabidhiwe kwa Wafaransa. Akapona, na baadaye akawa rais wa Vietnam.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Oktoba 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari Kenya, wakamkamata Jomo Kenyatta na wenzake watano: Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng Oneko, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Kosa walilopewa ni kuongoza Mau Mau. Kesi ikapelekwa Kapenguria, kaskazini magharibi, mbali na Nairobi, ikasikilizwa kwenye jengo la shule. Mawakili walilazimika kulala Kitale na kwenda na kurudi kila siku. Pritt ndiye aliyeongoza utetezi, pamoja na mawakili kutoka Kenya, India na Nigeria.

Hapo ndipo mzee alipoonyesha moyo wake. Alituma simu ya maandishi kwa wabunge London kulalamika kwamba haki haitendeki. Serikali ikamshitaki yeye mwenyewe kwa kuidharau mahakama! Mahakama Kuu ikamwachia, akarudi Kapenguria kuendelea na kazi. Hata hivyo Aprili 1953 hakimu Thacker aliwafunga wote sita miaka 7 na kazi ngumu. Wanahistoria wameandika kwamba huyo hakimu alilipwa paundi 20,000 na serikali ya kikoloni. Yaani mechi ilishauzwa kabla ya filimbi kupulizwa.

Mwaka 1954 akaenda Singapore kuwatetea wanafunzi 8 wa chuo walioshitakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya gazeti lao. Msaidizi wake alikuwa kijana anaitwa Lee Kuan Yew, ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa waziri mkuu. Wanafunzi wote wakaachiwa.

Halafu ikafika zamu ya Mwalimu. Mwaka 1958 aliandika kwenye kijarida cha Sauti ya TANU akiwalaumu mabwana shauri wawili kwa jinsi walivyoibana TANU. Akashitakiwa kwa kashfa. Pritt akaja Dar kumtetea, akishirikiana na Mahmud Rattansey wa Tabora na K.L. Jhaveri wa Dar. Agosti hukumu ikatoka: faini paundi 150, sawa na shilingi 3,000 za wakati ule, au jela miezi 6. Mwalimu akalipa faini, akabaki nje. Uchaguzi wa kwanza ulikuwa unaanza Septemba, na TANU ikashinda. Hebu fikiria kama angekuwa ndani wakati ule.

Kesi za namna hii Pritt mara nyingi alizifanya kwa malipo kidogo au bure.

Lakini wadau, tusimpake mafuta tu. Pritt alikuwa pia mbunge, na Urusi aliipenda kupita kiasi. Mwaka 1936 alienda Moscow kwenye kesi ambayo Stalin aliwashitaki wenzake wa zamani, akarudi akaandika kwamba ilikuwa kesi ya haki. Haikuwa hivyo, wale watu waliuawa kwa kesi ya kupika. Mwaka 1940 chama cha Labour kikamfukuza kwa kuunga mkono Urusi kuivamia Finland. Mtu aliyeona uonevu Kapenguria hakutaka kuuona Moscow. Mimi hapa ndipo ananiumiza kichwa.

Miaka ya 1965 na 1966 alifundisha sheria chuo kikuu Ghana. Alifariki mwaka 1972 akiwa na miaka 84.

Kwa nini nimeandika haya? Kwa sababu wengi tunaamini wakili wa maana ni yule anayeshinda tu. Kapenguria alishindwa, Dar mteja wake alipigwa faini, lakini uonevu ulianikwa mchana kweupe dunia nzima ikaona. Huku kwetu Handeni na Korogwe mtu anaingia kwenye kesi ya shamba peke yake, mwenzake ana wakili wa suti. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wanatambulika na sheria hiyo. Ulizieni ofisi ya wilaya kabla hamjauza ng'ombe kutafuta wakili.

Swali langu kwenu: mtu akitetea haki kwetu na kufumbia macho dhuluma kwingine, tumweke kundi gani? Maoni yenu hapo chini, matusi hapana. Nawasilisha.