August von Wassermann na mafuta ya moyo

Mama wengi wa Uvira wamekwisha kutolewa damu wakiwa na mimba ili wapimwe kaswende. Nyuma ya kipimo hicho kuna mafuta yaliyogunduliwa ndani ya moyo wa ng'ombe.

August Wassermann alizaliwa Bamberg, Ujerumani, mwaka 1866, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari, kisha akaenda Berlin kufanya kazi kwa Robert Koch. Mwaka 1906 Koch alikuwa huku kwetu, visiwa vya Sese, Uganda, akihangaika na malale. Mwaka huohuo Wassermann, pamoja na Neisser na Bruck, alitangaza kipimo cha damu cha kaswende.

Walitumia maji ya ini la watoto waliokufa tumboni kwa kaswende, wakidhani wanamshika mdudu mwenyewe. Kumbe sivyo. Mwaka 1907, Vienna, Landsteiner na wenzake walionyesha kwamba viungo vya mnyama mzima, asiye na kaswende, vinatosha. Baadaye moyo wa ng'ombe ndio ukazoeleka. Wassermann alipewa heshima kubwa, ndipo jina likaongezwa von, akaongoza taasisi Berlin kuanzia 1913. Alikufa mwaka 1925, jibu likiwa bado.

Jibu lilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940: Mary Pangborn aliyatenga mafuta hayo, akayaita kadiolipini. Hata moyo wa mtu unayatengeneza, ndani ya mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya kuzalisha nguvu. Fosfolipidi mbili zinaunganishwa, inatoka moja yenye mikia minne. Halafu mikia inabadilishwa: inatolewa ya zamani, inawekwa ya asidi linoleiki, ambayo mwili hauitengenezi, unaipata katika karanga na mahindi. Mtoto aliyezaliwa na kasoro katika tafazini, kimeng'enya cha kazi hiyo, moyo wake unalegea.

Basi kipimo cha namna hiyo, kama RPR, hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili zinazoshika mafuta hayo ya mwili, na hizo zinaweza kutokea hata kwa malaria, au kwa mimba yenyewe. Huku malaria haikauki. Mume anayeanza kufoka mlangoni angengoja kwanza kipimo cha pili, kile cha kingamwili za mdudu mwenyewe. Penisilini, hapana, hiyo mama mjamzito anachomwa bila kungoja, maana kaswende isiyotibiwa inaweza kumuua mtoto angali tumboni.