Kabla ya Shuka, Gandhi Alivaa Tai

Picha ya Mahatma Gandhi unayoijua ni ya mzee mwembamba, kipara, miwani ya duara na shuka nyeupe kiunoni. Hebu iweke kando kidogo. Nataka ukutane na kijana aliyesimama mbele ya kioo jijini London, dakika 10 kila siku, akikaza tai na kuchana nywele zilale sawasawa. Huyo pia ni Gandhi. Na kama unajaza fomu za viza saa hii, au kuna binamu yako amepata chuo Canada na familia nzima inachangia tiketi, huyo kijana atakufaa kuliko yule mzee.

Mohandas Gandhi alizaliwa 1869 Porbandar, mji wa pwani magharibi mwa India. Akaozwa akiwa na miaka 13. Alipoingia chuo masomo yalimlemea, akarudi nyumbani baada ya muhula mmoja tu. Sisi tulioacha chuo tunajua maswali yanayofuata mezani. Rafiki wa familia akashauri apelekwe London kusomea uwakili. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hivyo kaka mkubwa akabeba gharama.

Mama yake, Putlibai, hakutaka. Alikuwa amesikia kwamba vijana huharibika huko. Alimruhusu tu baada ya kijana kula kiapo kuwa hatagusa nyama, pombe wala wanawake. Wazee wa tabaka lake mjini Bombay nao wakaja juu, maana kwao kuvuka bahari kulikuwa kuvunja dini. Alipokataa kuwasikiza wakamtenga, na wakatangaza faini kwa yeyote atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini. Akapanda meli Septemba 1888, akiacha mke na mtoto mchanga.

Sasa ona vile mambo yalikwenda. Melini hakujua kutumia uma na kisu, na aliona haya kuuliza ni chakula kipi hakina nyama. Basi akawa anakula chumbani matunda na vitamutamu alivyobeba kutoka nyumbani. Siku ya kushuka akavaa suti nyeupe aliyokuwa ameitunza kwa siku hiyo tu. Kutazama huku na huku, ni yeye peke yake aliyevaa nyeupe! Ilikuwa msimu wa baridi ukianza, na mizigo yake mingine ilikuwa imeachwa kwa wakala.

Jioni hiyo Mhindi mwenzake, Dkt Pranjivan Mehta, akamtembelea hotelini. Gandhi akaichukua kofia ya mgeni wake na kuipapasa manyoya kinyumenyume. Mehta akampa somo la kwanza la Uingereza: usishike kitu cha mtu, usimuulize mtu maswali mengi mkikutana mara ya kwanza, usiongee kwa sauti ya juu. Yaani mambo ambayo kwao yalikuwa ya kawaida kabisa, huku yalikuwa ukosefu wa adabu. Sheria za aina hiyo hazibandikwi ukutani. Unazijua ukishazivunja.

Halafu kukawa na njaa. Mboga za kuchemsha zisizo na ladha, vipande vya mkate viwili vitatu, na aibu ya kuomba cha ziada. Wenzake walimwambia aachane na kiapo, mama yuko mbali, nani atajua? Akatembea maili nyingi kila siku akitafuta mahali pa kula, hadi akaupata mkahawa usiouza nyama katika barabara ya Farringdon. Hapo ndipo aliposhiba mara ya kwanza tangu afike. Hapo pia alinunua kijitabu cha Henry Salt kuhusu kuacha nyama, kwa shilingi moja. Kabla ya hapo, alikuwa anaepuka nyama kwa sababu ya mama. Baada ya kukisoma, alikuwa ameamua mwenyewe.

Lakini bado alitaka kufanana na wenyeji. Akashona suti ya jioni kwa pauni 10, akanunua kofia ndefu, akamwomba kaka yake mnyororo wa dhahabu wa saa. Akajiandikisha kwa masomo ya dansi, miguu ikakataa kufuata piano. Akanunua fidla ili sikio lizoee muziki wa kizungu. Akatafuta hata mwalimu wa kumfundisha kuongea. Leo tungesema alikuwa anajifunza kutwenga. Baada ya kama miezi mitatu akajiuliza yote haya ni ya nini, ilhali alikuja kusoma na pesa ni za kaka yake. Fidla ikauzwa.

Akahamia chumba kimoja, akawa anajipikia uji asubuhi, anatembea kwa miguu badala ya kulipa nauli, na anaandika kila senti aliyotumia. Cha ajabu ni kwamba hapo ndipo alipopata marafiki. Waingereza wa chama cha wasiokula nyama wakamweka kwenye kamati yao, na akaanzisha klabu ndogo mtaani Bayswater. Kile kiapo kilichomtenga na watu mezani ndicho kilichomfungulia mlango.

Jambo lingine likamgusa zaidi. Waingereza wawili walimwomba wasome pamoja Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Akaona aibu, maana yeye Mhindu hakuwa amewahi kukisoma. Akaanza kukijua akiwa London, kwa tafsiri ya Kiingereza.

Alipata uwakili Juni 10, 1891, na siku mbili baadaye akapanda meli. Alipofika, akaambiwa mama yake alifariki yeye akiwa masomoni. Kaka yake alimficha ili asiumie akiwa peke yake ugenini. Na ile shahada? Kesi yake ya kwanza Bombay alisimama, kichwa kikamzunguka, akaketi bila kumuuliza shahidi swali hata moja.

Kazi ilipopatikana Afrika Kusini mwaka 1893, meli yake ilipitia kwetu. Lamu alishuka kutembea kidogo, nusura aachwe. Ngazi ilikuwa imeshainuliwa, ikabidi avutwe juu kwa kamba. Ikafuata Mombasa, kisha Zanzibar. Juni mwaka huo akatupwa nje ya gari la moshi Pietermaritzburg kwa kukaa daraja la kwanza akiwa na tikiti halali. Hapo ndipo yule kijana mwenye haya alianza kupaza sauti.

Ila tusifiche kitu. Miaka yake ya mwanzo huko aliandika kuhusu Waafrika kwa dharau. Posta ya Durban ilikuwa na mlango mmoja wa Wazungu na mwingine wa Waafrika na Wahindi pamoja. Gandhi na wenzake wakadai mlango wa tatu, Wahindi wawe na wao. Mtu aliyejua vizuri uchungu wa kutazamwa kama kichekesho hakutuona sisi tuliosimama naye mlango mmoja. Ndiyo maana sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018, ingawa ya Chuo Kikuu cha Nairobi ingali imesimama.

Mwaka 1931 alirudi London kuzungumzia mustakabali wa India. Akaingia ikulu ya Mfalme George wa Tano akiwa na shuka na ndara, jiji lile lile alilokuwa akikazia tai. Aliuawa kwa risasi Delhi, Januari 30, 1948.

Kwa hivyo ukienda, shika kiapo chako na uhesabu senti zako. Utajua haraka sana nani anakudharau. Ila ukisimama kwenye foleni huko, geuka pia umtazame mgeni mwingine aliye nyuma yako.