Louis Pasteur (1822–1895): mtu wa shimi aliyewafundisha waganga



Tukisikia neno pasteur, wengi wetu tunafikiri mchungaji wa kanisa. Lakini Louis Pasteur, ambaye tunataka kueleza maisha yake mwezi huu, hakuongoza kanisa lolote. Hakuwa mganga wa watu, wala mganga wa wanyama. Alikuwa mtu wa shimi, somo lile ambalo wengine katika kalasi zetu wanasema halina faida. Basi tuone shimi ilimfikisha wapi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 huko Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa Napoléon, kisha akafanya kazi ya kutengeneza ngozi za wanyama. Mtoto alikulia katika mji mdogo wa Arbois, na alipenda sana kuchora sura za watu. Alipotumwa Paris mara ya kwanza kwa masomo, alishikwa na hamu ya nyumbani mpaka baba yake akaja kumrudisha. Sisi tunaolala hapa masomoni tunamwelewa vizuri! Lakini hakuacha. Alijaribu tena, na mwaka 1843 akaingia École normale supérieure.

Mwaka 1854 alifanywa mkubwa wa fakilte ya sayansi huko Lille. Tajiri mmoja wa kiwanda akamwomba msaada, sababu alikoli aliyoitengeneza kwa betirave ilikuwa inaharibika. Profesere mwingine angekataa, eti mapipa si kazi yake. Pasteur alichukua mikroskopi akaenda kuangalia. Katika mapipa mazuri aliona chembe za chachu, za mviringo. Katika mapipa yaliyoharibika aliona vidudu vingine, vyembamba kama vijiti. Kumbe kuchacha na kuharibika ni kazi ya vitu vyenye uhai!

Wakati ule wakubwa wengi walisema kwamba vidudu vinajizalisha vyenyewe katika kitu kinachooza. Pasteur alitengeneza chupa zenye shingo ndefu iliyopindwa kama shingo ya bata, akachemsha mchuzi ndani yake. Hewa iliingia, lakini vumbi lilibaki katika shingo, na mchuzi haukuoza. Akivunja shingo, vidudu vinaingia na mchuzi unaoza. Kisha akaonyesha kwamba divai ikipashwa moto wa digri 50 mpaka 60, bila kuchemka, haiharibiki upesi. Baadaye wengine walitumia njia hii kwa maziwa. Huko Glasgow mganga Joseph Lister alisoma kazi hizo, na mwaka 1865 akaanza kuosha vidonda na dawa ya kuua vidudu.

Tusifikiri kwamba maisha yake yalikuwa mepesi. Kati ya watoto wake watano, binti watatu walikufa wakiwa wadogo, katika miaka ya 1859, 1865 na 1866. Wawili waliuawa na tifoide. Mwaka 1868, alipokuwa akichunguza ugonjwa wa viwavi wa hariri, damu ilivuja ndani ya ubongo wake, na upande wake wa kushoto ukapooza. Alikuwa na miaka 45. Kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya nyuma ya pale, akitembea kwa shida.

Mwaka 1880 alitangaza jambo jipya juu ya kolera ya kuku. Vidudu vilivyokaa siku nyingi ndani ya chupa vilipoteza nguvu. Kuku waliochomwa vidudu hivyo waliugua kidogo, wakapona, na vidudu vikali havikuwaua tena. Basi akauliza: je, si vilevile kwa magonjwa mengine?

Akaendelea na kimeta, ule ugonjwa unaoitwa charbon kwa Kifaransa, ambao unaua kondoo na ngombe na unaweza kumpata mtu pia. Mwezi wa Mei 1881, huko Pouilly-le-Fort, mbele ya wakulima na waganga wa wanyama, kondoo 24 na mbuzi 1 walichanjwa mara mbili. Kundi lingine la hesabu ileile halikuchanjwa. Tarehe 31 Mei wote walichomwa sindano ya kimeta kikali. Tarehe 2 Juni watu walikuja kuangalia. Waliochanjwa walikuwa wamesimama. Wale wengine walikuwa wamekufa ao walikuwa wanakufa, na kabla ya usiku hakubaki hata mmoja.

Hapa tunapashwa kusema ukweli wote. Pasteur aliacha watu wafikiri kwamba dawa ile ilifanywa kwa hewa, kwa njia yake mwenyewe. Lakini madaftari yake ya laboratware, ambayo yalikaa katika jamaa mpaka yalipotolewa kwa maktaba ya taifa huko Paris mwaka 1964, yanaonyesha kwamba ilifanywa kwa dawa ya shimi, kazi ya msaidizi wake Chamberland. Njia hiyo ilikaribia ile ya Toussaint, mganga wa wanyama wa Toulouse, ambaye hakupewa sifa yake. Chanjo ilikuwa nzuri, lakini maelezo hayakuwa ya haki. Tunapoandika majibu katika madaftari yetu, tukumbuke kwamba siku moja mtu mwingine atayasoma.

Kisha ikaja kichaa cha mbwa, yaani rage. Kidudu chake ni kidogo mno, mikroskopi za wakati ule hazikuweza kukionyesha. Pasteur na msaidizi wake Roux walikikuza katika sungura, kisha wakakausha uti wa mgongo wa sungura hao ndani ya chupa. Kadiri ulivyokauka, ndivyo sumu ilivyopungua.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimleta mtoto wake, Joseph Meister, wa miaka 9. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amemwuma mara 14. Majaribio kwa mbwa kwa njia ile yalikuwa hayajaisha, na Pasteur hakuwa na ruhusa ya kutibu mtu. Akimchanja na mtoto akafa, watu watasema yeye ndiye aliyemwua. Akimwacha, karibu ni hakika atakufa. Aliuliza waganga Vulpian na Grancher, na wakakubali. Grancher ndiye aliyeshika sindano. Mtoto alichomwa mara 13 ndani ya siku 10, kila mara kwa dawa yenye nguvu zaidi. Akapona. Alipokuwa mtu mzima, alikuwa mlinzi katika Institut Pasteur, iliyofunguliwa Paris mwaka 1888.

Lakini mwezi wa Novemba 1885 waliletewa binti mdogo, Louise Pelletier, siku 37 kisha kuumwa. Pasteur alijua kwamba wamechelewa. Hakuweza kuwakatalia wazazi. Binti akafa.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895. Amezikwa ndani ya Institut ile, na mwaka 1908 tawi lake lilifunguliwa hata Brazzaville, ngambo ya mto.

Basi wandugu, tofauti ya Joseph na Louise ilikuwa siku. Mpaka leo ni vilevile. Kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59.000 kila mwaka, wengi ni wa Afrika na Azia, na katika kila watu 10 karibu 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Alama za ugonjwa zikisha kuonekana, hakuna dawa. Kwa hiyo mbwa akikuuma, usifiche kwa kuogopa wazazi. Osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, kisha kimbia hopitali. Chanjo ya leo haichomwi tena tumboni, inachomwa mkononi. Na wenye mbwa nyumbani wawapeleke kuchanjwa, kwa maana karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa amekipata kwa mbwa.

Tunamshukuru Mungu aliyempa mtu yule akili na uvumilivu. Na wenzetu wanaosema shimi haina faida, tunawaomba wafikiri tena.