Galileo: Aliyelipa neno darubini maana yake

NENO darubini limezoeleka vinywani mwa Waswahili. Ndicho chombo ambacho mtalii huning'iniza shingoni akiwa mbugani, ndicho pia kinachotumiwa na wanajimu kutazama nyota. Na jambo linapohitaji kuchunguzwa kwa makini, husemwa kwamba linapigiwa darubini.

Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni kile kinachoona mbali. Jina ambalo Wazungu walikipa chombo hicho, teleskopu, lilitokana na Kigiriki na lina maana iyo hiyo. Historia ya jina hilo la pili haiwezi kutenganishwa na maisha ya Galileo Galilei, Mwitaliano ambaye hakukivumbua chombo chenyewe wala hakukibuni jina.

Galileo alizaliwa mjini Pisa mnamo Februari 15, 1564, akiwa mwana wa mwanamuziki, Vincenzo Galilei. Babaye alitaka awe daktari, lakini kijana huyo alivutiwa zaidi na hisabati na akaondoka chuoni mwaka wa 1585 bila shahada. Hata hivyo, miaka minne baadaye alirejea katika chuo kicho hicho cha Pisa kama mwalimu, na mnamo 1592 akahamia Chuo Kikuu cha Padua.

Mwaka wa 1608, Hans Lippershey, fundi wa miwani nchini Uholanzi, aliomba serikali impe hataza ya bomba lenye lenzi lililovuta karibu vitu vya mbali. Ombi lake lilikataliwa kwa kuwa watu wengine nao walidai kuijua siri hiyo.

Habari hizo zilimfikia Galileo mwaka uliofuata, naye akaunda chombo chake. Mnamo Agosti 1609 aliwapandisha wakuu wa Venice katika mnara wa kengele wa San Marco, wakajionea vyombo vya baharini ambavyo macho matupu hayangeweza kuvifikia. Viongozi hao waliona faida ya kuwatambua maadui mapema, wakamwongezea mshahara na kumhakikishia kazi maishani.

Lakini Galileo hakukomea baharini. Alikiboresha chombo hicho hadi kikakuza vitu takriban mara 20, kisha akakielekeza juu. Aliona milima mwezini, na kuanzia Januari 7, 1610 akagundua vimwili vinne vinavyoizunguka sayari ya Jupita. Hapo ndipo kifaa cha mabaharia kilipogeuka kuwa kifaa cha kuhojia mambo ambayo wasomi walikuwa wameyapokea kwa karne nyingi bila kuyauliza.

Katika kitabu alichochapisha Machi mwaka huo alikiita chombo hicho kwa Kilatini, perspicillum. Vile vimwili vinne navyo aliviita kwa heshima ya ukoo wa Medici uliotawala Florence, na kabla ya mwaka kwisha ukoo huo ukawa umemwajiri.

Si wote waliofurahia. Cesare Cremonini, mwanafalsafa aliyefundisha naye Padua, alikataa hata kutazama ndani ya bomba hilo.

Mjini Roma mambo yalikuwa tofauti. Mnamo Aprili 14, 1611, mwanamfalme Federico Cesi alimwandalia Galileo karamu. Ni katika karamu hiyo ambapo jina teleskopu lilitangazwa, na anayetajwa kulibuni ni msomi Mgiriki, Giovanni Demisiani. Jina alilochagua Galileo likafifia.

Kile alichokiona angani kilizidi kumsadikisha kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kanisa Katoliki lilimwonya mwaka wa 1616 aiache imani hiyo. Alipochapisha kitabu kilichoitetea mnamo 1632, aliitwa Roma kushtakiwa, na Juni 22, 1633, akiwa na umri wa miaka 69, akalazimishwa kuikana akiwa amepiga magoti.

Alimalizia siku zake akiwa kifungoni nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence. Bintiye mtawa, Maria Celeste, aliyekuwa tegemeo lake kuu, aliaga dunia mwaka wa 1634. Kufikia 1638, mtu aliyewaonyesha binadamu yaliyo mbali alikuwa kipofu kabisa. Alifariki Januari 8, 1642.

Kanisa lilikiri mnamo 1992, kupitia kwa Papa Yohane Paulo wa Pili, kwamba wanatheolojia waliomhukumu walikosea.

Ama vile vimwili vinne vya Jupita, jina la Medici halikudumu. Wanajimu huviita miezi ya Galileo. Na kila mara jambo linapopigiwa darubini, Mswahili hutumia neno hilo kwa maana aliyoipigania mzee huyo: kutazama mwenyewe kabla ya kukubali la kuambiwa.